Kichupo cha Maji ya Kunywa

Kila siku ya shule, saa nane na nusu mchana, nilitoka darasani nikaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya mjomba wangu. Mama alijua. Chakula changu kilikuwa kinanisubiri huko huko, kimefunikwa kwa sahani juu ya meza ya printa, na mjomba hakuniruhusu kugusa kibodi kabla sijala na kunawa mikono.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili, feni iliyozunguka kwa kulalamika, na dirisha lililotazama barabara ya vumbi. Ukuta mmoja ulipakana na banda la fundi viatu. Fundi huyo tulimwita Msumari, kwa sababu alizungumza huku amebana misumari kwa midomo na bado ukamwelewa. Siku hizi chumba kile kinashonewa nguo, na mjomba hayupo tena. Lakini nikipita pale namsikia akisema, "Kiberenge, punguza mwendo."

Kiberenge ndiye mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kila nilichofanya nilikifanya mbio. Nilikula mbio, niliandika mbio, hata salamu niliitikia kabla mtu hajamaliza kuitoa.

Kazi ya mjomba ilikuwa kutengeneza kurasa za mtandao. Alinifundisha kidogo kidogo. Kilichonivutia zaidi ni vichupo, yaani vile vibao vidogo vinavyopangwa juu ya ukurasa. Ukibofya kimoja, maandishi yake yanajitokeza hapo chini na yale mengine yanajificha. Kila kichupo kina kisanduku chake cha maandishi. Na kinachoviunganisha ni maagizo mafupi ambayo msomaji hayaoni, mjomba aliyaita skripti.

Msumari hakukubali kabisa neno hilo la vichupo.

"Vichupa," alisema siku moja, akichungulia mlangoni na kiatu mkononi.

"Vichupo, baba," nilimsahihisha.

"Ndiyo, vichupa. Vya kwenye kompyuta. Mtoto unanifundisha Kiswahili?"

Mjomba alicheka mpaka akavua miwani.

Mjomba alikuwa na desturi moja ya kazi, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akiivunja. Hakutuma ukurasa wowote mtandaoni kabla ya kusomeana. Mtu mmoja alibofya na kutaja jina la kichupo kwa sauti. Mtu mwingine, ambaye hakuandika chochote kati ya yale, alisoma kilichotokea, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kama hapakuwa na mtu, alimwita Msumari. Msumari alisoma polepole, kwa kidole, na mimi nilitamani kulia kwa kuchoka.

"Mjomba, si nimeshaangalia mwenyewe?"

"Aliyeandika hasomi," alinijibu. "Anakumbuka tu."

Mwezi mmoja ugonjwa wa kuharisha uliingia mtaani kwetu. Shuleni walifunga bomba moja. Bwana Afya, ambaye ndiye aliyesimamia usafi wa eneo lote, aligawa dawa ya kutia kwenye maji. Ilikuja katika kichupa cha bluu chenye karatasi ndogo sana, na maandishi yake yalikuwa kama mchanga. Kwa hiyo alimwomba mjomba aweke maelezo kwenye ukurasa wa ofisi ya afya, watu wayasome kwa simu.

Mjomba alitengeneza vichupo vitatu. Cha kwanza kilikuwa "Vituo vya kuchukulia dawa". Cha pili, "Maji ya kunywa". Cha tatu, "Sakafu na vyoo". Dawa ilikuwa ile ile moja, ila kiasi kilitofautiana. Maji ya kunywa yalitiwa matone matano kwa ndoo. Maji ya kuoshea sakafu na vyoo yalitiwa vifuniko vitano. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na namba iliyohesabu watu waliofungua.

"Hii skripti ni ya zamani," mjomba alisema huku akikuna kidevu. "Inahesabu tu. Kichupo cha tatu kinafungua kisanduku cha tatu, basi. Haijui kilichomo ndani. Ni kama mtu anayegawa barua kwa kuhesabu milango, hasomi majina. Wiki ijayo tutaiboresha, mimi na wewe."

Wiki iliyofuata kazi zilikuwa nyingi. Akasema tena wiki ijayo.

Jumamosi asubuhi Bwana Afya alipiga simu. Alitaka kichupo kipya, "Mboga na matunda", kiwekwe kabla ya "Maji ya kunywa", kwa sababu wagonjwa wengi wa wiki hiyo walikula mboga mbichi. Mjomba alikuwa anafunga printa kwa kamba aipeleke kutengenezwa.

"Mwanangu, andika wewe," aliniambia. "Maelezo ameyatuma, haya hapa. Lakini usitume. Nikirudi tutasomeana."

"Sawa, mjomba."

Nilifurahi kama niliyekabidhiwa gari. Nikaandika jina la kichupo kipya, nikalichomeka katika nafasi ya pili kama Bwana Afya alivyotaka. Maelezo yake nikayaweka kwenye kisanduku kipya mwishoni kabisa, baada ya vile vingine vyote, kwa kuwa mwishoni palikuwa na nafasi wazi na sikutaka kupekua katikati. Nikafungua ukurasa nikabofya haraka haraka, kimoja, viwili, vitatu, vinne. Kila kisanduku cha dawa, hata cha mboga, kilianza kwa maneno yale yale: "Chukua ndoo ya lita ishirini yenye maji." Niliyaona maneno hayo, nikaridhika.

Saa sita kasoro simu ya ofisini ililia.

"Fundi yupo?" Ilikuwa sauti ya Bwana Afya.

"Katoka, shikamoo."

"Marahaba. Kile kichupo vipi? Nimeshawatangazia watu sokoni kwamba saa sita kitakuwa tayari. Wananitazama mimi."

"Kiko tayari," nilisema.

Nikatuma.

Mjomba alirudi saa saba, jasho likimtiririka, akaona ukurasa uko mtandaoni. Hakukasirika. Aliuliza tu, huku akijimwagia maji usoni, "Mmesomeana na nani?"

Ningeweza kusema sijasomeana. Lilikuwa neno moja tu. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Na baba Msumari."

"Vizuri sana, Kiberenge," alisema, akanipiga bega. "Sasa unakua."

Jioni ile nilikwenda bombani nikamkuta rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja. Tulimwita Redio kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia.

"Ile dawa ya bluu nyumbani tumeipata," Redio alisema bila kupumua, "lakini yale maandishi, dada, hata bibi akivaa miwani miwili hasomi kitu, na mama anasema bora asiitie kabisa kuliko kukosea, na mdogo wangu anadhani ni sharubati..."

"Mbona rahisi? Fungueni ukurasa wa ofisi ya afya. Kuna kichupo nimeweka mimi mwenyewe."

"Wewe? Acha uongo!"

"Fungua uone."

Siku ya pili, Jumapili, mama alikuwa anafua uani. Nilichukua simu yake nimwonyeshe kazi yangu. Nikabofya "Maji ya kunywa", nikaanza kumsomea kwa sauti kubwa kama mwalimu.

"Chukua ndoo ya lita ishirini yenye maji. Tia vifuniko vi..."

Nikaisogeza simu karibu na macho.

"Tia nini?" mama aliuliza. Mikono yake ilikuwa ndani ya povu.

"Simu imekwama," nilisema.

Niliingia ndani, nikakaa kitandani, nikasoma tena. Vifuniko vitano. Nikafunga ukurasa, nikaufungua upya. Vifuniko vitano. Nikabofya "Sakafu na vyoo", ikaja habari ya mboga. Hapo ndipo nilipoelewa. Vichupo vilikuwa vimesogea nafasi moja, visanduku havikusogea. Skripti ilikuwa imehesabu kama ilivyofundishwa. "Maji ya kunywa" sasa kilikuwa kichupo cha tatu, kwa hiyo kilifungua kisanduku cha tatu, cha kuoshea vyoo.

Nilitazama namba ya chini. Watu tisini na saba.

Nilijiambia kwamba watasikia harufu na kumwaga. Nilijiambia kwamba wengi walimsikiliza Bwana Afya mwenyewe, kama mama, hawakuhitaji kusoma. Kisha nikamkumbuka Redio, na bibi yake, na mdogo wake anayedhani dawa ni sharubati.

Nilimpigia mjomba. Ufunguo wa ofisi alikuwa nao yeye.

"Kiberenge, vipi?"

Nilifungua mdomo. Kama ningemwambia kuhusu vichupo, angeuliza Msumari alisoma nini. Na Msumari hakusoma chochote.

"Nilikuwa nakusalimia tu, mjomba."

"Haya, mwanangu. Nimefurahi."

Nyumbani kwa Redio ni mwendo wa dakika ishirini. Nilivaa viatu. Nikavivua. Nikavivaa tena, nikafika mpaka getini, nikaona mama mmoja wa jirani anapita na ndoo ya maji kichwani, ananisalimia na kutabasamu, nikashindwa hata kuitikia. Nikarudi ndani. Niliufungua ukurasa tena. Mia moja na kumi na mbili. Kila nilipotazama, namba ilikuwa imepanda, na kila ilipopanda niliona mkono wa mtu ukimimina kifuniko ndani ya ndoo.

Jumatatu nilifika ofisini saa moja kasoro, kabla ya shule. Mjomba ndiyo kwanza alikuwa anainua komeo.

"Leo jua limetokea wapi?" alitania.

"Nimesahau daftari langu, mjomba."

Alipotoka kununua gazeti, nilikaa kwenye kompyuta. Nilikihamisha kisanduku cha mboga kutoka mwishoni nikakiweka nafasi ya pili, nikatuma, nikabofya kila kichupo na safari hii nikasoma mpaka mwisho. Matone matano. Kosa likawa limetoweka kama halikuwahi kuwapo. Namba ilisoma mia moja arobaini na tatu.

Njiani kwenda shule nilijaribu kufurahi. Imekwisha, nilijiambia. Hakuna anayejua.

Darasani dawati letu lilikuwa na mtu mmoja tu, ambaye ni mimi.

Mwalimu aliita majina. Alipofika la Redio, hakuna aliyejibu, na kwa Redio hilo halikuwa jambo la kawaida.

"Kwao wako zahanati," alisema mvulana aliyekaa nyuma yangu. "Mdogo wake anatapika tangu jana mchana. Nimewaona wakimbeba."

Nakumbuka somo lilikuwa hesabu, sikumbuki tulihesabu nini. Niliandika tarakimu tano, nikaifuta, nikaiandika tena. Mwalimu alinisogelea akaniuliza kama naumwa. Nilitikisa kichwa. Kuanzia saa tatu mpaka saa nane na nusu nilikaa karibu na nafasi ile tupu, na kila mlango ulipogongwa nilijua wanakuja kusema mtoto amekufa.

Kengele ilipolia sikwenda ofisini. Nilikimbia mpaka zahanati.

Ukumbi ulijaa. Watu walikaa kwenye mabenchi, wengine sakafuni, na harufu ya dawa ya kuulia vijidudu ilinipanda puani, ile ile harufu ya kichupa cha bluu. Nilisimama mlangoni. Mbele yangu nesi mkuu, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa amesimama mkono kiunoni, uso umekunjamana.

"Vichupo vimechanganyika!" alisema kwa sauti ya juu. "Nataka kujua nani amevichanganya. Mtu angeweza kuumia hapa!"

Nilishika fremu ya mlango. Nilitaka kusema ni mimi, lakini kabla sijatamka neno, nesi kijana akatoka chumba cha pili na trei mkononi.

"Ni mimi, mama, samahani. Vya macho na vya masikio vinafanana."

"Vinafanana nini! Kichupa cha macho kina mfuniko mweupe!" Nesi mkuu aliinua vichupa viwili vidogo juu, vya dawa, vya kioo. "Peleka huko, vipange upya."

Vichupa. Alikuwa amesema vichupa. Hofu ilikuwa imenifanya nisikie neno jingine.

Nilipumua. Ningeweza kugeuka na kwenda zangu. Ukurasa ulikuwa umerekebishwa, nesi alikuwa anazungumza habari nyingine kabisa, na hakuna mtu mle ndani aliyenijua kwa lolote ila kama mtoto wa shule aliyekosea mlango.

Kisha nikawaona. Mama yake Redio alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, na mtoto amelala mapajani pake, midomo yake imekauka na imekuwa myekundu. Redio alikuwa pembeni, anampepea kwa daftari. Alikuwa kimya. Sijawahi kuogopa kimya cha mtu kama nilivyoogopa kile.

"Na wewe binti, una shida gani?" nesi mkuu aliuliza.

"Yule mtoto anaumwa nini?" Nilimwonyesha kwa kidole.

"Ugonjwa uliopo mjini, nini tena? Tunampa maji ya chumvi na sukari. Wewe ni ndugu yake?"

"Huenda siyo ugonjwa," nilisema. "Huenda ni dawa ya maji. Ukurasa ulikuwa umekosewa tangu Jumamosi. Kwenye maji ya kunywa palitokea kiasi cha kuoshea vyoo. Ni mimi niliyekosea. Nimeurekebisha leo asubuhi, lakini wao walisoma kabla."

Ukumbi wote ulinigeukia. Nesi mkuu alivaa miwani yake, akatembea haraka mpaka kwenye benchi la mwisho.

"Mama, dawa ya bluu uliitia kiasi gani? Matone au vifuniko?"

"Vifuniko," alisema mama yake Redio. "Vitano, kama ilivyoandikwa. Nilihesabu mwenyewe." Alimtazama nesi, kisha akanitazama mimi. "Mtoto alikataa. Alisema maji yanauma. Nikamlazimisha. Nikamwambia ni dawa, kunywa."

Nesi mkuu aliita daktari. Wakambeba mtoto wakaingia naye chumba cha ndani, na mlango ukafungwa.

Nilibaki nimesimama. Redio alinijia akasimama mbele yangu, daftari bado limo mkononi.

"Uliniambia nifungue," alisema.

"Ndiyo."

Alikwenda kukaa karibu na mama yake.

Nesi mkuu alinipa simu yake. "Mpigie mwenye ukurasa," aliniamuru. "Sasa hivi."

Mjomba alifika baada ya dakika kumi, akihema, kalamu ipo sikioni. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye jina la Msumari nilijilazimisha nisiliruke.

"Hakusoma, mjomba. Hata kumwita sikumwita. Nilikudanganya."

Nilikuwa tayari kwa kofi, kwa ukali, kwa lolote. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Jumapili uliponipigia," aliuliza taratibu, "ulikuwa umeshajua?"

"Ndiyo."

Alifumba macho. Hilo liliniuma kuliko kofi.

Bwana Afya alikuja na gari la ofisi lenye kipaza sauti juu. Alikuwa amekunja uso, na alipotushukia alianza kusema maneno makali kwa mjomba, kwamba fundi mzima anamwachia mtoto kazi ya afya za watu. Mjomba hakumjibu kwa kunitupia mimi lawama. Alipanda garini, akanifungulia mlango wa nyuma, na tulipoingia mtaani alichukua kipaza sauti mwenyewe.

"Ndugu zetu, mnaotumia dawa ya bluu. Ukurasa wetu ulikuwa na kosa kuanzia Jumamosi saa sita mchana mpaka leo asubuhi. Mlioyatia maji vifuniko, mwageni. Msinywe. Mliokunywa, njooni zahanati. Kosa ni letu."

Alirudia hivyo mtaa kwa mtaa, mpaka sauti ikamkauka. Watu walitoka majumbani. Niliona mzee mmoja akimwaga ndoo nzima mbele ya mlango wake, akitutazama bila kupepesa. Niliona wanawake wawili wakikimbia na watoto mgongoni. Nilitaka kujificha chini ya kiti. Mjomba aligeuka akasema, "Kaa wima. Watazame. Hawa ndio wasomaji wetu."

Familia sita zilikuwa zimetia vifuniko kwenye maji ya kunywa. Tano zilimwaga zilipoonja, ingawa watoto wawili waliwashwa koo. Ya sita ilikuwa ya Redio, kwa kuwa mama yake alitaka sana kufuata maelezo kama yalivyoandikwa. Daktari alibadilisha matibabu ya mtoto jioni ile ile. Jumanne hakutapika tena. Jumatano alikaa akaomba uji. Alhamisi akarudi nyumbani.

Siku hiyo mama yangu alinishika mkono tukaenda kwao. Mama yake Redio alitukaribisha vizuri, ila hakutabasamu. Nilipiga magoti nikaomba radhi. Alifunga na kufungua upindo wa kanga yake.

"Siwezi kukwambia sina hasira," alisema mwishowe. "Nilimlazimisha mwanangu kunywa kwa sababu ya yale maandishi. Lakini daktari ameniambia kwamba bila wewe kusema, wangeendelea kutibu ugonjwa asiokuwa nao. Inuka, mwanangu. Inuka ukae."

Jumamosi mjomba alifunga mlango wa ofisi, akazima simu, akavuta viti viwili. Tulifanya kazi ile iliyokuwa ikiahirishwa kila wiki. Tulifuta ile skripti ya kuhesabu. Kila kisanduku tulikipa jina lake, na kila kichupo tukakiandikia jina la kisanduku chake, ili hata ukikichomeka kingine katikati, kila kimoja kitafute cha kwake. Juu ya kila kisanduku tuliweka kichwa cha habari kwa herufi nene, msomaji aone yuko wapi.

"Na kichupo kisipolipata jina la kisanduku chake?" niliuliza. "Labda mtu amekosea herufi?"

"Kitaleta nini, unafikiri?"

"Kitaleta kilicho karibu."

"Hapana. Tuandike kwamba kisifungue kitu. Kiseme, 'Maelezo haya hayapo kwa sasa, piga simu zahanati.'" Aliandika polepole ili nione kila mstari. "Mtu akikuta hakuna kitu atauliza. Akikuta kitu kisicho chake, ataamini."

Mlango uligongwa. Nilidhani ni Msumari, kumbe ni Redio. Mjomba ndiye aliyemwita, bila kuniambia.

"Binti, karibu," mjomba alisema. "Tunahitaji mtu wa kutusomea. Wewe ndiye mwenye haki zaidi ya kuukagua ukurasa huu. Utakubali?"

Redio alinitazama. Akavuta kiti, akakaa.

Nilibofya. "Vituo vya kuchukulia dawa," nikataja. Alisoma. "Mboga na matunda." Alisoma, neno kwa neno. Mkono wangu ulipofika kwenye kile kingine nilisita, na mjomba aliona, akaningoja.

"Maji ya kunywa," nikasema.

"Maji ya kunywa," Redio alisoma kichwa cha habari. "Chukua ndoo ya lita ishirini yenye maji. Tia ma..." Alisimama, akaweka kidole kwenye skrini. "Matone. Matone matano."

Feni ilizunguka juu yetu.

Mjomba alivua miwani akaiweka mezani. "Nisikilizeni nyote wawili," alisema. "Kukosea kwenye kazi kupo. Mimi nilijua skripti hii ni dhaifu nikaiacha, na hilo ni langu, nimeshamwambia Bwana Afya. Lakini Kiberenge, nilikuuliza swali moja, na ungenijibu 'sijasomeana', tungesomeana muda ule ule na kosa lisingelala hata saa moja. Ulinipa jibu la kunifurahisha, likamfikia mtoto wa watu. Kisha asubuhi ukasahihisha kimya kimya ukadhani yamekwisha. Kwenye kompyuta, ndiyo, yamekwisha. Aliyekwisha kusoma utamsahihisha vipi? Lazima umfuate umwambie. Ndivyo ulivyofanya zahanati, ukiwa na nafasi ya kukimbia na hukukimbia. Kwa hiyo bado nakuamini kukaa kwenye kiti hicho. Siku ukiwa hujafanya jambo, sema hujafanya. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

"Ndiyo, mjomba."

Redio alinisogezea kipanya. "Bado kimoja," alisema. "Sakafu na vyoo. Bofya, nisome. Na usikimbie."

Nikabofya. Akasoma mpaka nukta ya mwisho.

"Sasa tuma," mjomba akasema.